Immanuel Kant na Sahani za Vumbi la Nyota

Ukifagia chini ya kitanda mahali ambapo hapakufagiliwa kwa muda mrefu, utaona kwamba vumbi halikutawanyika sawasawa. Limekusanyika likawa mabonge madogo mepesi. Hakuna mtu aliyeyafinyanga mabonge hayo. Chembe ziligusana, zikashikana, na bonge likakua kidogo kidogo.

Katika somo hili tutasoma habari za mtu aliyefikiri kwamba hata Dunia yetu ilianza kwa chembe ndogo zilizokusanyika. Mtu huyo hakuwa na darubini kubwa wala mali. Kitabu chake kilipotea karibu chote. Hata hivyo, miaka zaidi ya 220 baadaye, watu walianza kuyaona angani mambo aliyoyaeleza.

Utoto na masomo yake

Immanuel Kant alizaliwa tarehe 22 Aprili, 1724, katika mji wa Königsberg, nchi ya Prussia. Siku hizi mji huo unaitwa Kaliningrad, nao umo katika Urusi. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi, akitengeneza hatamu na mikanda ya farasi wa kukokota magari. Kazi hiyo haikuleta mali nyingi, na nyumbani mlikuwa na watoto wengi.

Mama yake hakuwa na elimu kubwa, lakini alipenda kumchukua mwanawe nje ya mji. Huko alimwonyesha mimea na kumweleza aliyoyajua juu ya anga. Mama huyo alifariki mwaka 1737, Immanuel akiwa na umri wa miaka 13.

Mwaka 1740 Kant aliingia chuo kikuu cha mji wake. Mwalimu mmoja, Martin Knutzen, aliona bidii yake akamwazima vitabu vya Isaac Newton, mwanasayansi mashuhuri wa Uingereza. Humo Kant alisoma kwamba kila kitu huvuta kitu kingine, na kwamba nguvu hiyo ya uvutano ndiyo inayozifanya sayari zilizunguke Jua bila kutoroka.

Baba yake alipofariki mwaka 1746, Kant hakuwa na mtu wa kumlipia gharama. Aliondoka chuoni akaenda mashambani kufundisha watoto katika nyumba za watu, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka kadhaa. Lakini vitabu vya Newton vilibaki moyoni mwake.

Swali lililomsumbua

Wakati huo watu walijua sayari sita, yaani Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Zote hulizunguka Jua kwa kuelekea upande mmoja. Tena njia zao zimelala karibu katika bapa moja, kana kwamba zimechorwa juu ya sinia. Ni nini kilichozipanga hivyo? Newton hakuona nguvu ya kawaida iliyoweza kufanya hivyo, akasema kuwa Mungu mwenyewe alizipanga kwa mkono wake.

Kant alijaribu kutafuta njia nyingine. Alifikiri kwamba hapo mwanzo hapakuwa na Jua wala sayari. Palikuwa na chembe tu, zimetapakaa mahali pote. Chembe zikavutana. Nyingi zikaanguka katikati, zikarundikana, zikawa Jua. Nyingine zilipokuwa zikianguka ziligongana, zikasukumwa kando, zikaanza kuzunguka.

Lakini kwa nini zilitokea bapa, wala si tufe? Fikiri juu ya uwanja uliojaa watoto wanaokimbia. Wengine wanazunguka kulia, wengine kushoto, na wengine wanakatiza katikati. Watagongana na kupunguza mwendo. Mwishowe watakaobaki wakikimbia bila kugongana ni wale wanaofuata upande mmoja. Ndivyo ilivyokuwa kwa chembe. Zile zilizokwenda juu na chini zilizidi kugongana, hata mwendo huo ukapungua. Mwendo wa kuzunguka pamoja ndio uliobaki. Basi wingu zima likawa bapa kama sahani. Ndani ya sahani hiyo chembe zilikusanyika zikawa sayari.

Kitabu kilichopotea

Mwaka 1755 Kant aliyaandika mawazo hayo katika kitabu juu ya historia ya anga. Kitabu kilitolewa bila jina lake. Alijua kwamba wengine wangemlaumu kuwa anamwondoa Mungu katika kazi ya uumbaji. Kwa hiyo alieleza katika dibaji kuwa kanuni nzuri za maumbile huonyesha hekima ya Muumba, wala haziipunguzi.

Hata hivyo watu wachache tu walipata nafasi ya kukubali au kukataa. Mchapaji wake alifilisika, mali yake ikashikwa, na vitabu vikafungiwa pamoja nayo. Mwaka 1763 Kant alilazimika kuyaandika tena mawazo hayo kwa ufupi ndani ya kitabu kingine.

Kant alirudi kufundisha katika chuo kikuu cha mji wake. Kwa miaka 15 alitegemea ada za wanafunzi waliokuja kumsikiliza, mpaka alipopewa cheo cha profesa mwaka 1770. Mwaka 1781 alitoa kitabu kikubwa cha falsafa kilichomfanya ajulikane katika nchi nyingi. Inasemekana alitembea kila siku kwa saa ile ile, hata jirani zake wakaweza kujua wakati kwa kumwona akipita. Hakusafiri kamwe mbali na Königsberg. Alifariki huko tarehe 12 Februari, 1804, bila kuona hata sahani moja ya vumbi.

Mawazo yake yapimwa

Mwaka 1796 Pierre-Simon Laplace wa Ufaransa alieleza wazo linalofanana na la Kant. Kwa muda mrefu wataalamu wengi walilikubali. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 wengi walilitilia shaka. Walisema labda nyota nyingine ilipita karibu na Jua, ikavuta sehemu yake, na sehemu hiyo ikawa sayari.

Hilo lilikuwa jambo kubwa. Nyota hupitana kwa karibu mara chache mno. Ikiwa sayari zilitokea kwa ajali ya namna hiyo, basi ni nyota chache sana zenye sayari. Lakini kama Kant alisema kweli, kila nyota inayozaliwa inaweza kuwa na sahani yake, na sayari zaweza kuwa nyingi ajabu. Nani alikuwa na haki? Ilibidi kutazama.

Mwaka 1983 Marekani, Uholanzi na Uingereza zilirusha setilaiti yenye darubini ya kupima joto la vitu vya angani. Wataalamu waliielekeza kwenye nyota ya Vega ili wavipime vyombo vyao. Vega ni nyota nyeupe yenye uzito wa kama mara mbili ya Jua, na mwanga wake husafiri miaka 25 kabla ya kutufikia. Walishangaa kuona joto zaidi ya lile walilotazamia. Lilitoka kwenye vumbi linaloizunguka nyota hiyo.

Mwaka 1984 wataalamu wengine huko Chile waliziba mwanga wa nyota iitwayo Beta Pictoris, kama mtu anavyoziba Jua kwa kiganja ili aone kilicho kando yake. Pande zote mbili za nyota walipiga picha ya mstari mwembamba wa mwanga. Ilikuwa sahani ya vumbi inayotazamwa kwa ubavuni. Baadaye sayari pia ilionekana ndani yake.

Mwaka 2014, huko huko Chile, darubini nyingi zilizounganishwa pamoja zilipiga picha ya nyota changa iitwayo HL Tauri. Sahani yake ina pete za mwanga na pete za giza. Wataalamu wengi hufikiri kuwa sayari zinazokua ndizo zinazofagia njia hizo za giza.

Maisha ya sahani

Sasa twajua kwamba sahani nayo huzaliwa, hukua na kuzeeka. Mwanzoni huwa nene, imejaa gesi na vumbi. Chembe hushikana zikawa changarawe, kisha mawe, kisha miamba mikubwa, na mwishowe sayari. Baada ya miaka milioni chache gesi hutoweka. Nyingine huangukia nyota, na nyingine hupeperushwa na mwanga mkali wa nyota. Nyota zilizo nzito kuliko Jua hupoteza sahani zao za kwanza mapema kuliko nyota ndogo.

Je, vumbi la Vega limetoka wapi, na gesi yake imekwisha zamani? Hilo si vumbi la mwanzo. Ni unga wa miamba iliyobaki, inayoendelea kugongana na kusagana. Sahani ya kwanza hujenga, na ya pili hutokana na masalio ya ujenzi.

Kant hakuwa sahihi katika kila jambo. Alidhani kuwa chembe zilizotulia kabisa ziliweza kuanza kuzunguka zenyewe. Leo twajua kwamba wingu lilikuwa na mzunguko wa polepole tangu mwanzo. Alidhani pia kuwa karibu sayari zote zina wakazi. Lakini juu ya sahani alisema kweli, na waliothibitisha hivyo hawakutumia heshima ya jina lake. Walitumia vipimo.

Jambo la kufanya

Mwezi wa Agosti, kama saa tatu usiku, simama nje ukitazama kaskazini. Nyota nyeupe inayong'aa kuliko zote upande huo, katikati ya upeo na utosi wa anga, ni Vega. Huwezi kuliona vumbi lake kwa macho, lakini lipo.

Maswali

1. Ni nani aliyemwonyesha Kant mimea na anga alipokuwa mtoto?
2. Kwa nini watu wachache tu walikisoma kitabu chake cha mwaka 1755?
3. Eleza jinsi wingu la chembe linavyokuwa bapa.
4. Kuna tofauti gani kati ya vumbi la sahani changa na vumbi la Vega?
5. Taja jambo moja ambalo Kant alikosea.
6. Mwanga wa Vega unaouona leo uliondoka huko mwaka gani?