John Snow na Orodha ya Wafu

John Snow alizaliwa mjini York, Uingereza, tarehe 15 Machi 1813, mtoto wa kwanza kati ya watoto tisa. Baba yake alikuwa kibarua, wala nyumbani hapakuwa na mali. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alipelekwa Newcastle kujifunza uganga kwa daktari mmoja. Kipindupindu kilipoingia Uingereza mara ya kwanza, katika mwaka wa 1831, kijana huyo alitumwa kuwauguza wachimba makaa ya mawe. Aliwaona wakifa, wala hakuna dawa iliyowafaa.

Mwaka 1836 alikwenda London, akasoma hata akapata shahada ya juu ya udaktari mwaka 1844. Sifa yake ya kwanza ilikuwa ya dawa ya usingizi, na mwaka 1853 ndiye aliyempa Malkia Victoria kloroformu alipojifungua. Angaliweza kustarehe na heshima hiyo, lakini ugonjwa ule wa ujana wake haukumtoka moyoni.

Siku zile waganga wengi walisadiki ya kuwa kipindupindu huletwa na hewa yenye kunuka. Snow alikataa. Mwaka 1849 alichapisha kijitabu akieleza ya kuwa ugonjwa huingia kwa kinywa, kwa maji yenye uchafu wa wagonjwa. Wachache tu walimsadiki, kwa kuwa ushahidi wake ulikuwa haba.

Ushahidi huo ulikuwako katika ofisi ya serikali ya kuandikisha vizazi na vifo. Humo William Farr alikusanya habari za vifo vya London pamoja na sababu zake, na kila juma zilichapishwa ili mtu ye yote azisome. Farr alikuwa upande wa hewa chafu. Hata hivyo ofisi yake haikumfungia Snow mlango.

Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kilizuka Broad Street, katika mtaa wa Soho. Snow alipewa orodha ya watu 89 waliokufa juma lile. Alizunguka akiuliza habari, akaona ya kuwa karibu wote walikufa jirani na bomba moja la maji. Kiwanda cha bia kilikuwa karibu hapo, chenye watu zaidi ya 70, wala hakufa hata mmoja, maana walikunywa bia na maji ya kisima chao. Tarehe 7 Septemba aliwaeleza wakuu wa mtaa, na kesho yake mkono wa bomba ukaondolewa.

Kusini ya mto Thames makampuni mawili yalipeleka maji katika mitaa ile ile. Moja lilikuwa limehama kwenda kuchota juu ya mto, mbali na uchafu wa mji. La pili lilichota mle mle mjini. Farr alipoona hesabu za kwanza za Snow alistaajabu, akashauri waandishi wa vifo waulize kila nyumba yenye msiba ilipata maji wapi. Hesabu za Snow za majuma saba ya kwanza zilikuwa hizi: katika kila nyumba 10,000, maji machafu yaliua watu 315, na maji ya juu ya mto 37.

Snow alikufa tarehe 16 Juni 1858, mwenye umri wa miaka 45, kabla wengi hawajamkubali. Kipindupindu kiliporudi mwaka 1866, Farr mwenyewe alionyesha kwa hesabu zake ya kuwa maji ndiyo yaliyoua.

Siku hizi wataalamu huandika orodha ya namna nyingine, yaani herufi za urithi za virusi. Kirusi cha korona kina herufi 30,000 hivi. Zilipotangazwa wazi kutoka China, Januari 2020, wataalamu wa nchi nyingi walianza kutengeneza vipimo na chanjo pasipo kungoja kuletewa kirusi chenyewe. Novemba 2021 wataalamu wa Botswana na Afrika ya Kusini walitangaza aina ya Omikroni, na nchi nyingi zikawalipa kwa kuwafungia njia za ndege. Mtoa habari akiadhibiwa, kesho nani atasema?

Ndugu zangu, wazee wetu walisema ya kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Farr hakuficha, hata kwa mtu aliyempinga, na kwa hiyo Snow aliweza kuona.