Munzihirwa, padri aliyetaka kuandikishwa jeshini pamoja na wanafunzi

Pale Nyawera, katikati ya mji wa Bukavu, kuna kiwanja kinachobeba jina la Askofu Mkuu Munzihirwa. Wanafunzi wa vyuo vikuu wanalitaja kila siku sawa vile wanataja kituo cha taksi. Wengi wanajua kwamba aliuawa. Wachache wanajua kwamba zamani alishasimama na wanafunzi wenzao.

Christophe Munzihirwa Mwene Ngabo alizaliwa mwaka wa 1926 Lukumbo, upande wa Burhale, katika eneo la Walungu, lile lile la watu wa Nyangezi. Alipata upadri mwaka wa 1958. Mwaka wa 1963 akaingia shirika la Wayezuiti, kisha akaenda Ubeleji kusomea mambo ya jamii na uchumi huko Louvain.

Aliporudi, maisha ya wanafunzi yalikuwa moto. Tarehe 4 Juni 1969 wale wa Lovanium, kule Kinshasa, walikuwa wameandamana juu ya burse, na wasoda wakawapiga risasi. Makumi walikufa. Miaka miwili nyuma ya pale, Juni 1971, wenzao walitaka kuwakumbuka wafu wao. Kuwalilia wafu tu, lakini Mobutu aliona ni uasi. Akafunga chuo, akaamuru wanafunzi waingizwe jeshini kwa nguvu. Vijana waliozoea vitabu wakavalishwa nguo za kijeshi na kupigishwa gwaride. Mwezi wa Agosti, Lovanium ikaunganishwa na vyuo vikuu vya Kisangani na Lubumbashi, ikawa UNAZA chini ya mkono wa serikali.

Padri Munzihirwa, ambaye alikuwa akiwahudumia wanafunzi, aliomba naye aandikishwe. Alikuwa mtu wa miaka 45, padri, msomi wa Ulaya, hakuna aliyemtafuta. Ombi lile liliaibisha wakubwa, juu kumkatalia kulikuwa kukubali kwamba lile jeshi lilikuwa adhabu, wala si kazi ya taifa.

Kazi zilizofuata zilikuwa kubwa zaidi: mkuu wa Wayezuiti wa Afrika ya Kati tangu 1980, askofu Kasongo tangu 1986, na baadaye askofu mkuu wa Bukavu. Mwaka wa 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaa Kivu. Aliwatetea, na pia alikemea wasoda wa Mobutu waliokuwa wanapora raia. Kusema pande zote mbili kulimletea maadui pande zote.

Oktoba 1996 vita vilipanda kutoka Uvira, na wakubwa wa serikali wakakimbia Bukavu. Yeye alibaki, akiomba watu wasitoke nyumbani mwao ovyo. Jioni ya tarehe 29 gari lake lilisimamishwa Nyawera. Alishuka, akawaendea askari akiwa ameshika msalaba wake mkononi, na wakamuua. Dereva wake aliuawa pia. Mwili wake ulibaki barabarani hadi kesho yake, wakati waseminari Waksaveri walipothubutu kwenda kuuchukua. Alizikwa kwenye kathedrali ya Bukavu, mji ukiwa karibu mtupu.