Hobey Baker, Mchezaji wa Ridhaa

Sisi wa Temeke twaijua barafu ya kupozea maji tu. Wamarekani huchezea mpira wa magongo juu yake, wamevaa viatu vyenye vyuma vikali chini. Hobey Baker, aliyezaliwa Pennsylvania mwaka 1892, alisifiwa sana kwa mbio zake. Alipomaliza masomo Princeton mwaka 1914 alifanya kazi benki New York, na usiku akicheza. Klabu ya Montreal ilitaka kumlipa fedha nyingi, akakataa. Kila baada ya mechi alikwenda chumbani kwa wapinzani kuwashukuru, hata akiwa ameshindwa, jambo gumu kuliko kufunga bao.

Mwaka 1917 alikwenda Ufaransa kuwa rubani wa vita. Tarehe 21 Desemba 1918, vita vimekwisha na amri ya kurudi kwao imo mfukoni, alirusha ndege iliyokuwa imetengenezwa upya ili kuijaribu. Injini ilizimika, ndege ikaanguka karibu na Toul. Alikufa akiwa na miaka 26.