Hans Reck: Mwanajiolojia aliyekubali kuupoteza ushindi wake

Msafiri anayetoka Katesh, chini ya Mlima Hanang, akapanda nyanda za juu za Mbulu na kupita Karatu hadi Ngorongoro, hukatiza katika nchi iliyowavutia wanajiolojia tangu zama za ukoloni. Ni nchi ya milima iliyozaliwa kwa moto wa volkano, kuta za Bonde la Ufa na maziwa ya magadi. Miongoni mwa wataalamu wa mwanzo waliojaribu kuisoma historia ya ukanda huu katika udongo wake ni Mjerumani Hans Reck.

Reck alizaliwa mwaka 1886 mjini Würzburg, akajikita katika elimu ya volkano. Mwaka 1908 alikwenda Iceland pamoja na Ina von Grumbkow, mwanamke aliyemzidi umri, kutafuta dalili za mchumba wa bibi huyo, mwanajiolojia Walther von Knebel, aliyepotea mwaka uliotangulia katika ziwa la volkano ya Askja. Maiti haikupatikana. Lakini katika safari ile ya majonzi ulichipuka urafiki mwingine, na mwaka 1912 Hans na Ina wakafunga ndoa.

Ina hakuwa mke wa kusubiri barua nyumbani. Mwaka huo huo wa ndoa yao walifika pamoja Tendaguru, mkoani Lindi, ambako Reck alichukua uongozi wa uchimbaji wa mifupa ya dinosaria, kazi iliyobebwa na mamia ya vibarua Waafrika. Baadaye Ina aliandika vitabu kuhusu maisha na safari zao katika Afrika Mashariki.

Mwishoni mwa mwaka 1913 Reck alipelekwa Olduvai, ambako miaka miwili kabla daktari Mjerumani, Wilhelm Kattwinkel, alikuwa ameokota mifupa ya wanyama wa kale. Katika muda wa miezi michache alikusanya masalia mengi na kuyagawa matabaka ya korongo hilo kwa namba. Mgawanyo huo ndio uliokuwa msingi wa kazi ya watafiti waliomfuata. Tembo mmoja wa kale aliyekwishatoweka duniani anaitwa kwa jina lake, recki.

Jambo lililompa umaarufu, hata hivyo, lilikuwa jingine. Mmoja wa vibarua wake aliona mifupa ya binadamu ikichomoza katika tabaka la pili. Reck aliikagua sehemu ile, asione dalili ya kaburi, akahitimisha kwamba mtu yule aliishi zama moja na wanyama waliotoweka. Habari hiyo ilizua mjadala mkali Ulaya, lakini Vita Kuu ya Kwanza ikauzima kabla haujapatiwa jibu.

Mwaka 1931 Reck alirudi Olduvai akiwa na kijana Louis Leakey wa Kenya. Reck alikuwa akiamini kuwa korongo lile halina zana za mawe. Leakey aliweka dau kwamba angezipata upesi, na hazikupita hata siku mbili kabla zana hizo hazijaonekana. Kuhusu mifupa, hata hivyo, Leakey alikubaliana na mzee wake, na wote wawili wakatangaza kuwa Reck alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Furaha hiyo haikudumu. Wataalamu wengine waliuchunguza udongo uliogandamana na mifupa ile, wakakuta ndani yake chembe za matabaka ya juu. Maana yake ilikuwa moja: mtu yule alizikwa zamani za baadaye sana, kaburi lake likichimbwa hadi ndani ya tabaka la kale. Mwaka 1933 Reck alitia jina lake katika tamko la pamoja lililokiri hivyo. Madai aliyoyatetea kwa takribani miaka 20 aliyaacha mbele ya ushahidi, jambo ambalo wasomi wengi hulishindwa.

Wala hakukata tamaa na nchi hii. Mwaka 1936 alichapisha, pamoja na Ludwig Kohl-Larsen, maelezo ya masalia yaliyochimbwa kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini-magharibi ya nyanda za Mbulu. Mwaka uliofuata, akiwa safarini tena barani Afrika, alifariki dunia mjini Lourenço Marques, Maputo ya leo, akiwa na umri wa miaka 51. Ina alifariki mwaka 1942.

Mwaka 1959 Mary Leakey aligundua Olduvai fuvu la kiumbe aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita, safari hii likiwa kweli ndani ya tabaka lake. Nafasi yake katika mfuatano wa matabaka iliweza kuelezwa kwa sababu matabaka yalikuwa yamekwishapangwa. Reck alikosea kuhusu mifupa aliyoipenda mno. Kuhusu udongo wenyewe, aliwaachia waliomfuata njia iliyo wazi, na kibarua aliyeiona mifupa ile kwanza anastahili naye kukumbukwa, ingawa jina lake halikuwekwa mbele kama la bwana wake.