SEWA HAJI, MHINDI WA BAGAMOYO ALIYEWEKA SHARTI

Katika toleo hili la ukumbusho, Kamati imeona si vibaya kumtaja mtu wa pwani yetu ambaye alifariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita, lakini jina lake bado linatamkwa kila siku na wagonjwa wa Dar es Salaam. Naye ni Sewa Haji Paroo.

Alizaliwa mwaka 1851 katika jamaa ya Makhoja Waismailia. Baba yake, Haji Kanji, alitoka Kachi, Bara Hindi, akafungua duka Unguja na baadaye Bagamoyo. Siku hizo Bagamoyo na Kismayu zote zilikuwa chini ya Sultani mmoja wa Unguja, na jahazi lililotoka visiwani kwetu kwa kaskazi lilifika huko bila mtu kuulizwa karatasi.

Sewa aliingia katika biashara ya baba yake angali kijana, akaikuza. Misafara ya kwenda Tabora na Ujiji ilianzia Bagamoyo, nayo ilihitaji vitambaa, shanga, masango, baruti na wapagazi. Yeye aliviuza vitu hivyo na kuwatafutia Wazungu watu wa kubeba mizigo, Stanley akiwa miongoni mwao. Pembe za ndovu ziliporudi, alizinunua. Tusifiche jambo: utajiri huo ulitoka mabegani mwa watu waliotembea kwa miezi mingi, na wengine wao hawakurudi makwao.

Wajerumani waliuchukua mji, Abushiri akapigana nao mwaka 1888 na akanyongwa mwaka uliofuata. Sewa Haji alibaki na biashara yake. Kuanzia hapo ndipo tunamwona akitoa mali kwa wingi. Alisaidia wakoma wa Bagamoyo, na mwaka 1896 alitoa jengo la ghorofa mjini humo liwe shule. Lakini alilitoa kwa sharti kwamba shule ipokee watoto wa mataifa yote, Mwafrika, Mhindi na Mwarabu, bila ubaguzi. Wakati ule, serikali ya kikoloni ikipanga watu kwa rangi zao, hilo halikuwa neno dogo.

Sharti hilo linatugusa. Sisi Wabajuni tunajua kuulizwa ukoo kabla ya kuulizwa ugonjwa. Mwaka 1992 mimi ninayeandika nilisimama tangu alfajiri mbele ya mlango wa zahanati moja, nimebeba mtoto mwenye homa. Swali la kwanza lilikuwa sisi ni watu wa nani. Dawa tulipata siku ya pili.

Sewa Haji alifariki Unguja tarehe 10 Februari 1897, akiwa na umri wa miaka 46 hivi. Aliacha wosia kwamba majumba na ardhi yake vitumike kwa ajili ya wagonjwa na wakoma. Dar es Salaam ikapata hospitali iliyoitwa kwa jina lake, ikawatibu Waafrika na Wahindi. Wazungu walikuwa na hospitali yao ufukweni, Ocean Road, iliyojengwa wakati huo huo. Kwa hiyo ubaguzi haukwisha. Lakini mtu mweusi mwenye homa alipata kitanda.

Hospitali ya Sewa Haji ilifanya kazi mpaka mwaka 1956, wagonjwa walipohamishiwa hospitali mpya iliyoitwa Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ikawa Muhimbili. Huko Muhimbili majengo ya wodi yana majina: Kibasila, Mwaisela, Sewahaji. Siku hizi jina huandikwa kwa neno moja. Jamaa wa mgonjwa huulizana tu, amelazwa Sewahaji, chumba gani, na wengi hawajui kuwa huyo alikuwa mtu. Jengo la shule nalo bado limesimama Bagamoyo, karibu na bahari.