Barua za Daktari Walter Reed

Zamani watu wa miji ya bandari ya Amerika waliogopa ugonjwa mmoja kuliko vita na njaa. Ugonjwa huo ni homa ya manjano. Mtu aliyeshikwa nao huumwa kichwa na mgongo, na mwili wake huwaka kama moto. Kisha macho na ngozi hugeuka rangi ya manjano, na wagonjwa wengine hutapika damu nyeusi kabla ya kufa. Katika mwaka wa 1793 uliingia katika mji wa Philadelphia, ukaua watu wapata 5,000 kwa miezi michache. Katika mwaka wa 1878 uliua watu wengine wapata 5,000 katika mji wa Memphis. Waliokuwa na nguvu za kukimbia walikimbia, na waliobaki walizika wafu wao.

Tena hapakuwa na mtu aliyejua ugonjwa huo ulivyosafiri. Wengi walisadiki kwamba umo katika nguo na matandiko ya wagonjwa, kwa hiyo walivichoma moto vitu hivyo. Walakini ugonjwa haukukoma. Mtu aliyeongoza kazi ya kuivumbua njia yake alikuwa daktari wa askari, jina lake Walter Reed. Habari zake zajulikana vizuri, kwa sababu yeye na wenzake waliandika barua nyingi, na barua hizo hazikutupwa.

Walter Reed alizaliwa tarehe 13 Septemba 1851 katika wilaya ya Gloucester, Virginia, nchini Marekani. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kikristo, wala hakuwa tajiri. Walter alipenda kusoma, akajifunza udaktari katika Chuo Kikuu cha Virginia, akashinda mtihani mwaka wa 1869, naye hajatimiza miaka 18. Baadaye alifanya kazi katika miji ya New York na Brooklyn, akiwatibu watu maskini. Mwaka wa 1875 akaingia katika jeshi kuwa daktari, na mwaka uliofuata akamwoa Emilie Lawrence. Alikuwa amemwandikia Emilie barua nyingi kabla ya kumwoa, na desturi hiyo hakuiacha. Kila alipokuwa mbali naye alimpa habari za kazi yake, za furaha na za huzuni pia.

Kwa miaka mingi Reed alitumwa katika ngome za mbali za magharibi, akiwauguza askari, wakulima na Wahindi Wekundu. Huko hapakuwa na vitabu vingi wala walimu. Hata alipokuwa karibu kutimiza miaka 40, alipata ruhusa ya kwenda Baltimore kujifunza elimu mpya ya vijidudu viletavyo magonjwa. Hakuona haya kukaa tena darasani pamoja na vijana. Katika mwaka wa 1893 akafanywa mwalimu katika chuo cha madaktari wa jeshi mjini Washington.

Katika mwaka wa 1898 Marekani ilipigana na Hispania, na kisiwa cha Kuba kikakaliwa na majeshi ya Marekani. Magonjwa yaliua askari wengi kuliko risasi. Basi katika mwezi wa Mei 1900 serikali ilichagua madaktari wanne waende Kuba kuchunguza homa ya manjano. Mkuu wao alikuwa Reed. Wenzake walikuwa James Carroll, Jesse Lazear na Aristides Agramonte. Wakakaa karibu na mji wa Havana.

Kwanza walitafuta kijidudu ambacho daktari mmoja wa Italia alisema ndicho chanzo cha ugonjwa. Wakatazama damu ya wagonjwa na miili ya waliokufa, wasikione. Ndipo wakaenda kwa mzee mmoja wa Havana, Daktari Carlos Finlay. Tangu mwaka wa 1881 Finlay alikuwa akisema kwamba homa ya manjano huchukuliwa na mbu, yule mwenye mistari myeupe miguuni, azaaye katika mitungi na mapipa ya maji nyumbani. Kwa karibu miaka 20 watu walimcheka, kwa maana majaribio yake hayakuwaridhisha. Lakini mzee huyo hakuacha maneno yake, wala hakuficha elimu yake. Madaktari wageni walipobisha hodi aliwapokea kwa ukarimu, akawapa maandiko yake na mayai ya mbu wake.

Tena palikuwa na jambo lililoonwa na Daktari Henry Carter katika vijiji vya Mississippi, mwaka wa 1898. Carter aliona kwamba mtu wa kwanza akiugua nyumbani, wageni waingiao siku zile za kwanza hawapati neno. Bali waingiao baada ya majuma mawili hivi huugua, hata ikiwa mgonjwa wa kwanza amekwisha kuondoka au kufa. Ni kana kwamba ugonjwa ulijificha mahali fulani, ukingoja siku zake. Lakini ulijificha wapi? Reed na wenzake wakafikiri ya kuwa labda ulingoja ndani ya mwili wa mbu.

Jambo hili lilileta shida kubwa. Wakati ule hapakuwa na mnyama aliyejulikana kupata homa ya manjano ambaye wangeweza kumjaribu. Njia ilikuwa moja tu, kumwacha mbu amwume mtu, na mtu huyo aweza kufa. Madaktari wakapatana kwamba hawatawataka watu wengine wajihatarishe kama wao wenyewe hawakujihatarisha kwanza. Agramonte peke yake hakuhesabiwa, maana alizaliwa Kuba, wakadhani hawezi kushikwa tena. Baada ya kupatana hivyo, Reed aliitwa Washington amalize kazi nyingine aliyoianza zamani, akaondoka mwanzo wa mwezi wa Agosti.

Tarehe 27 Agosti 1900 Carroll alimwacha mbu amwume mkononi. Mbu huyo alikuwa amemwuma mgonjwa siku 12 kabla. Siku chache baadaye Carroll akashikwa na homa ya manjano, akawa hoi. Habari zilipofika Washington, Reed hakuwa na raha mpaka aliposikia kwamba mwenzake atapona. Hapo akamwandikia barua ya furaha, na upande wa nyuma akaongeza swali moja fupi, kama ni mbu aliyeleta ugonjwa ule. Swali hilo lilikuwa halijapata jibu. Carroll alikuwa amepita mahali penye wagonjwa, na mtu mkaidi angeweza kusema kwamba aliupata huko.

Tarehe 8 Septemba Lazear naye alimwandikia mkewe aliyekuwa Marekani. Alimdokezea kwamba anadhani yu karibu kuipata siri ya ugonjwa, lakini habari hiyo isitangazwe bado. Siku chache baadaye aliumwa na mbu. Aliwaambia wenzake kwamba mbu alimwuma alipokuwa kazini kati ya wagonjwa. Lakini wengi waliosoma maandiko yake wamedhani kwamba alijijaribu mwenyewe kwa makusudi. Tarehe 25 Septemba 1900 akafa, naye ana miaka 34. Aliacha mjane na watoto wawili, na mtoto wa pili hakupata kumwona hata mara moja.

Reed aliumia moyoni. Alimwandikia rafiki yake aliyekuwa Kuba kwamba anaona haya kukaa salama Washington, na huku wenzake wanaanguka mmoja mmoja. Wakubwa walidhani yafaa asirudi. Lakini yeye aliona kwamba mahali pake ni Kuba, kwa kuwa ndiye mkuu wa kazi. Akapanda meli akarudi. Alipofika alikaa na daftari la Lazear, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akalinganisha tarehe. Akaona kwamba mbu hana nguvu ya kuambukiza asipomwuma mgonjwa katika siku za kwanza za homa, kisha zikapita siku 12 hivi. Hapo ikajulikana kwa nini Finlay alishindwa kuwaridhisha watu. Neno lake lilikuwa la kweli, ila hesabu ya siku ndiyo iliyokosekana.

Hata hivyo Reed hakutaka kujisifu kabla ya kupata ushuhuda usiopingika. Mwezi wa Novemba akapiga kambi mahali pa peke yake, akaiita Kambi ya Lazear kwa kumkumbuka mwenzake. Watu waliojitolea walielezwa hatari yote. Wahispania waliokuja Kuba karibuni walipewa hati ya mapatano waitie sahihi, na kila mmoja aliahidiwa dola 100 za dhahabu, na dola 100 nyingine kama akiugua. Wawili wengine, askari John Kissinger na karani John Moran, walikubali kujaribiwa lakini wakakataa fedha.

Kambini zilijengwa nyumba mbili ndogo. Nyumba ya kwanza ilizibwa, ikawa na joto na giza, wala mbu hakuweza kuingia. Ndani yake yaliletwa matandiko na nguo zilizochafuliwa na wagonjwa wa homa ya manjano. Daktari mmoja kijana na askari wawili walilala humo siku 20, wakijifunika matandiko yale yenye uvundo. Wakatoka wazima. Wengine wakaingia baada yao, nao pia wakatoka wazima.

Nyumba ya pili ilikuwa safi, yenye hewa nzuri, ikagawanywa katikati kwa wavu wa waya. Upande mmoja walitiwa mbu waliokwisha kuwauma wagonjwa, na upande wa pili hapakuwa na mbu hata mmoja. Tarehe 21 Desemba Moran alioga, akavaa nguo safi, akaingia upande wa mbu na kulala kitandani ili wamwume. Siku kuu ya Noeli akaamka na homa. Upande wa pili walilala watu wawili, wakivuta hewa ile ile, wasipatwe na kitu. Moran akapona, Kissinger, aliyeugua kabla yake, naye akapona. Katika kambi ile hapana aliyekufa.

Usiku wa kuamkia mwaka wa 1901, saa sita kasoro dakika kumi, Reed alikuwa peke yake chumbani, akisoma kitabu cha zamani cha homa ya manjano. Akachukua kalamu akamwandikia Emilie. Alimwambia kwamba kwa miaka 20 alikuwa ameomba apewe nafasi ya kufanya jambo la kuwapunguzia wanadamu mateso, na sasa ombi lake limejibiwa. Alipokuwa bado anaandika, akasikia tarumbeta 24 za askari zikilia pamoja kuuaga mwaka wa kale.

Matunda ya kazi yake yalionekana upesi. Mwanzo wa mwaka wa 1901 Daktari William Gorgas, mkuu wa afya mjini Havana, aliwatuma watu nyumba kwa nyumba kufunika mitungi, kumwaga maji yaliyotuama na kutia mafuta penye viluwiluwi. Mwisho wa mwezi wa Septemba homa ya manjano ikakoma katika mji ule. Baadaye Gorgas alifanya kazi hiyo hiyo Panama. Huko Wafaransa walijaribu kuchimba mfereji tangu mwaka wa 1881, wakafiwa na maelfu ya watu, wakashindwa. Magonjwa yalipozuiwa, mfereji ukafunguliwa mwaka wa 1914.

Reed mwenyewe hakuyaona hayo ya Panama. Mwezi wa Novemba 1902 aliumwa na kidole tumbo, akapasuliwa, na tarehe 23 akafa mjini Washington, ana umri wa miaka 51. Finlay aliishi mpaka mwaka wa 1915. Baada ya kuchekwa siku nyingi, alifanywa mkuu wa afya wa nchi ya Kuba, akaheshimiwa sana.

Wengine walipokea kazi pale walipoiacha. Mwaka wa 1927 mgonjwa mmoja wa Afrika ya Magharibi, jina lake Asibi, alitolewa damu katika nchi iitwayo sasa Ghana. Yeye alipona, na virusi vilivyokuwamo katika damu yake vilimpa Daktari Max Theiler mbegu ya chanjo aliyoitengeneza mwaka wa 1937. Huku Afrika ya Mashariki, mwaka wa 1936, ilifunguliwa nyumba ya uchunguzi wa homa ya manjano huko Entebbe, Uganda. Madaktari wake waliingia katika misitu ya Bwamba, wakaona jinsi ugonjwa unavyokaa kati ya kima na mbu wa msituni, kisha ukawafikia watu kwa mbu wa mashamba ya migomba. Ugonjwa huo haujakwisha duniani, lakini mtu aliyechanjwa hana haja ya kuuogopa kama watu wa kale.

Na zile barua? Daktari mmoja wa Marekani, Philip Hench, alizitafuta kwa miaka mingi. Aliwaandikia Moran, Kissinger na jamaa za wale waliokufa, akakusanya kila karatasi aliyoweza kuipata, ili watu wasije wakasimulia uongo mahali pa kweli. Alipokufa mwaka wa 1965, mjane wake alizitoa kwa Chuo Kikuu cha Virginia. Hivyo barua za Walter Reed zikarudi kwenye chuo kile alichotoka akiwa kijana, na humo zimehifadhiwa hata leo. Pamoja nazo zimehifadhiwa habari za Lazear, aliyeonywa na hatari akaendelea. Za Finlay, aliyechekwa akavumilia. Na za Moran na Kissinger, waliokataa malipo. Kazi ile ilikuwa yao wote.