Soichiro Honda: Fundi wa gereji aliyeanza na injini za masalia ya vita

INJINI ya pikipiki ya magurudumu manne ikifa Mgololo, wilayani Mufindi, hasara haiishii kwenye chombo chenyewe. Mbao zinabaki msituni, mbolea inabaki dukani, na mwenye mali analazimika kulipa vibarua wabebe mzigo kichwani kupandisha milima yenye utelezi. Chombo kinasukumwa hadi gereji, na hapo swali huwa moja: kifufuliwe, au kiuzwe kama chuma chakavu?

Mtu aliyejibu swali hilo vizuri kuliko wengi ni Mjapani Soichiro Honda, aliyefariki mwaka 1991. Jina lake linasomeka kwenye matangi ya pikipiki duniani kote, lakini si wengi wanaojua kwamba biashara hiyo ilianza kwa injini ndogo zilizoachwa na jeshi, alizozifungua na kuzisuka upya moja baada ya nyingine.

Mtoto wa mhunzi

Honda alizaliwa Novemba 17, 1906 katika kijiji cha Komyo, ambacho sasa ni sehemu ya jiji la Hamamatsu. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi ambaye baadaye alianza pia kutengeneza baiskeli. Kijana huyo alikulia kwenye moshi wa makaa na mlio wa nyundo, na shuleni hakuwa mpenzi wa vitabu.

Mwaka 1922, akiwa na miaka 15, alikwenda Tokyo kufanya kazi katika gereji ya magari iliyoitwa Art Shokai. Alitegemea kushika spana. Badala yake alipewa kazi ya kumlea mtoto mchanga wa tajiri wake. Alivumilia hadi siku kazi zilipozidi, akaitwa kusaidia chini ya gari.

Septemba 1, 1923 tetemeko kubwa liliikumba Tokyo na moto ukateketeza sehemu kubwa ya jiji, gereji hiyo ikiwamo. Mafundi wengi walirudi makwao. Honda alibaki, akashiriki kuyafufua magari yaliyokuwa yameungua.

Mwaka uliofuata, gereji hiyo ilichukua injini ya ndege iliyokwisha kutumika, ya aina ya Curtiss, ikaifunga kwenye chesesi ya gari na kupata gari la mashindano. Honda alipanda kama fundi msaidizi wa dereva, na gari hilo likashinda. Kwa kijana wa miaka 18, hilo lilikuwa funzo kwamba injini iliyotumika si injini iliyokufa.

Mwaka 1928 tajiri wake alimruhusu kufungua tawi la gereji hiyo mjini Hamamatsu. Kazi ilikuwa nzuri na wateja walikuwepo. Lakini Honda hakutaka kubaki kutengeneza vitu vilivyobuniwa na wengine.

Ringi zilizomwaibisha

Katikati ya miaka ya 1930 aliamua kutengeneza ringi za pistoni, akaanzisha kampuni ya Tokai Seiki. Ringi ni pete nyembamba za chuma zinazoizunguka pistoni. Kwenye injini nyingi za pikipiki za sasa, zile za juu huzuia mgandamizo usivujie chini, na ile ya chini hukwangua oili isipande kuungua. Zikiisha, injini inapoteza nguvu, inakula oili na kutoa moshi wa bluu.

Honda alikuwa fundi hodari, hivyo alidhani pete ndogo namna hiyo haiwezi kumshinda. Ilimshinda. Ringi zake hazikuwa na sifa zinazotakiwa, na alipokwenda kuuliza kwa wataalamu alielezwa kwamba chuma chake kilipungukiwa silikoni. Hakuwa amewahi kujua kwamba jambo hilo lina umuhimu wowote.

Mtu mwingine angeona haya. Yeye, akiwa mwenye gereji na mkuu wa familia, alirudi darasani katika shule ya ufundi ya Hamamatsu kusomea madini ya chuma. Aliingia darasani na majibu ya kutafuta, si na cheti cha kutafuta. Mitihani hakufanya, na cheti hakupewa.

Hata baada ya hapo mambo hayakunyooka. Alipopeleka ringi 50 zikaguliwe na kampuni ya Toyota, zilizofaulu zilikuwa tatu tu. Ilimbidi azunguke vyuo na viwanda vya chuma kujifunza namna ya kutengeneza ringi elfu zote zikiwa sawa na ile ya kwanza. Alipofanikiwa, Toyota wakawa wateja wake.

Vita na tetemeko la pili

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilimletea kazi nyingi na hasara kubwa zaidi. Mabomu yaliharibu mali ya kampuni hiyo mjini Hamamatsu, na Januari 1945 tetemeko la ardhi likabomoa kiwanda chake cha Iwata. Vita ilipokwisha, Honda aliiuzia Toyota alichobaki nacho kwa yeni 450,000, akapumzika kwa takriban mwaka mmoja.

Wakati huo Japani ilikuwa hoi. Treni zilijaa kupita kiasi, petroli ilitolewa kwa mgawo, na watu walisafiri kwa baiskeli umbali mrefu kutafuta chakula vijijini.

Injini ya redio juu ya baiskeli

Mwaka 1946 Honda alikutana na injini ndogo iliyotengenezwa kuendesha jenereta ya redio ya jeshi. Vita imekwisha, injini haina kazi tena. Yeye aliona kazi: kuifunga kwenye baiskeli. Kwa tangi la mafuta la majaribio alitumia chombo cha maji ya moto cha kupashia joto kitandani. Mkewe, Sachi, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuiendesha barabarani.

Alinunua injini takriban 500 za aina hiyo. Angeweza kuzifunga kama zilivyo na kuziuza haraka, kwani wanunuzi walikuwa na shida. Badala yake kila injini ilifunguliwa, ikarekebishwa, ikafungwa upya na kujaribiwa kabla ya kumfikia mteja. Kwa kuwa petroli ilikuwa haba, alichanganya na tapentaini inayotokana na miti ya paina, jamii ya miti ile ile iliyofunika vilima vya Mufindi.

Injini za masalia zilipokwisha, wateja walikuwa bado wanakuja. Mwaka 1947 akatoa injini yake mwenyewe, na Septemba 24, 1948 akaandikisha kampuni ya Honda Motor kwa mtaji wa yeni milioni moja.

Mwaka 1949 alimpata Takeo Fujisawa, mtu wa fedha na mauzo. Honda alishika injini, Fujisawa akashika daftari. Mgawanyo huo uliiokoa kampuni ilipoyumba mwaka 1954. Mwaka 1958 walitoa Super Cub, pikipiki nyepesi iliyolengwa kwa mtu wa kawaida na mwenye duka. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100.

Hata hivyo, Honda hakuwa malaika. Alikuwa na hasira za karibu, na fundi aliyefanya kazi ovyo aliweza kupigwa kofi mbele ya wenzake.

Mwaka 1970, akiwa bado mkuu wa kampuni, wahandisi wake walitoa US90, chombo cha magurudumu matatu yenye matairi mapana laini ya kupita kwenye matope, mchanga na theluji. Vya magurudumu matatu vilisababisha ajali nyingi, na mwaka 1988 uuzaji wa vipya ulisitishwa Marekani. Vya magurudumu manne vikachukua nafasi.

Honda alistaafu mwaka 1973 pamoja na Fujisawa, kisha akazunguka kwenye matawi ya kampuni kuwashukuru wafanyakazi kwa kuwashika mkono. Alifariki Agosti 5, 1991 akiwa na miaka 84. Alikuwa ameagiza kampuni isimfanyie mazishi makubwa, ili mtengeneza vyombo vya barabarani asiwe chanzo cha foleni barabarani.

Funzo kwa mwenye chombo

Kisa cha ringi 50 kinamhusu moja kwa moja mkulima au mfanyabiashara mwenye injini iliyolala. Hasara kubwa mara nyingi huanza pale fundi anapobadilisha ringi kwa kukisia, bila kupima silinda. Silinda iliyochubuka au kupoteza umbo la duara haiponi kwa ringi mpya. Inatakiwa kuchongwa na kuwekewa pistoni ya ova saizi, la sivyo moshi utarudi na fedha za spea zitakuwa zimepotea.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, mgandamizo upimwe, injini ifunguliwe, silinda na pistoni zipimwe kwa kifaa, na chanzo cha ubovu kijulikane. Kama vumbi lilipita kwenye chujio la hewa lililochanika, chujio libadilishwe kwanza. Kama oili ilikauka, pampu na njia zake zikaguliwe. Krenki na beringi zake zitazamwe pia, kwa sababu gharama zake ndizo huamua kama kazi inalipa.

Orodha hiyo ikikamilika, jumla yake ilinganishwe na bei ya injini nyingine. Ikiwa kufufua kunalipa, kazi ifanywe mara moja na kwa ukamilifu. Injini ikiwaka, iendeshwe taratibu siku za mwanzo bila mzigo mzito, na oili ya kwanza imwagwe mapema, kwa kuwa hubeba unga wa chuma wa sehemu mpya zinazozoeana.